Siku Wanawake wa Lindi Waliponifuata Kuburuta Mguu

Nyinyi vijana mnaopita mbele ya mlango wangu asubuhi mapema na chupa ya soda mkononi, mnaniambia "niaje habuba," yaani bibi, nami naitikia kwa sababu salamu ni salamu, leo kaeni chini msome. Shule mimi nilisomea dirishani, nimesimama nje nikisikiliza kaka zangu wakifundishwa ndani, kwa hiyo kama maneno yamepinda mtayanyoosha wenyewe. Kila harusi ya hapa Kibra nawaona mkicheza ule mtindo wa kuburuta mguu wa kulia, mkono umening'inia kama kanga kwenye kamba, na mnaambiana ati ni uchezaji wa kale uliokuja na mababu kutoka Sudani. Haukutoka Sudani. Ulitoka kwangu, na haukuwa mtindo, ulikuwa kiharusi.

Haya, nimesema. Aibu hiyo nimeishi nayo miaka mingi, sasa ni kama jirani, tunasalimiana asubuhi na kila mtu anafagia kwake.

Ilikuwa baada ya ile vita ya Burma, wanaume wetu wamerudi, na Kibra ingali na miti na mashamba ya mahindi, nyumba moja na nyingine ng'ombe anaweza kulala katikati. Mume wangu alikuwa amestaafu jeshini na cheo cha shaushi, yaani sajini, na watu wote walimwita Shaushi, hata mimi. Wakati wa vita sukari tulipimiwa kama dawa. Vita ilipokwisha sukari ikarudi dukani, nami nikaanza kulipiza kisasi. Chai yangu ilikuwa vijiko vitano, kisra (ule mkate wetu mwembamba kama kitambaa) niliula unaogelea kwenye samli, na mchana nikichoka nililala, na nikiamka nilikunywa chai kwa sababu ya uchovu wa kulala. Nilikuwa mnene, na wala siku hizo hakuna aliyenionea huruma, unene ulikuwa heshima ya mume, na gurbaba, ile nguo yetu ya kujifunga, ilitaka mwili wa kuikalia.

Mwili huo ndio uliokuwa ukiongoza doluka ya Lindi, kijiji chetu hapa Kibra. Asiyejua, doluka ni ngoma yetu ya harusi. Wanawake wanapanga mstari, mmoja anakaa mbele, na sheria yake ni moja tu: anachofanya wa mbele, wote wa nyuma wanafanya, na anachoimba wanaitikia vilevile, bila kuuliza, kwa sababu anayevunja mstari amemharibia bibi harusi siku yake. Nyuma yangu siku zote alisimama Zenabu wa Makina, kijiji cha jirani, mwanamke mwembamba mwenye miguu myepesi, ambaye kwa miaka alikuwa akingoja nizae, niugue au nihame ili apate nafasi yangu.

Sasa, miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe nilikuwa nimeanza kusikia kiu isiyoisha, na kila ninapokojoa sisimizi wanakusanyika kama wamealikwa. Nikaenda peke yangu kwa dresa, kijana mmoja Mluo aliyekuwa akisaidia madaktari kwenye hospitali ya mjini. Akautia mkojo wangu kwenye kichupa chenye dawa ya buluu, akakipasha moto, na ile buluu nikaiona kwa macho yangu ikigeuka rangi ya tofali. Halafu akanifunga kitambaa mkononi akakipuliza kwa mpira, akatikisa kichwa.

"Mama," akasema, "una sukari kwenye damu na presha yako iko juu. Punguza sukari, punguza samli, punguza huu mwili, na utembee. Ukiendelea hivi utakuja kuzibika mshipa wa kichwa, na hiyo ndiyo kiharusi."

Nikamshukuru sana. Nikarudi nyumbani, na Shaushi aliponiuliza dresa amesemaje nikamwambia amesema damu yangu ni haba, niongezwe samli. (Maskini mume wangu, alinunua mkebe mzima.)

Basi ikafika harusi ya binti wa Mastura, wifi yangu, dada yake Shaushi, na Mastura huyo ndiye aliyekuwa akipiga ngoma ya doluka. Asubuhi hiyo tuko jikoni kwake, mimi namimina chai, na kikombe kikanitoka mkononi kikavunjika. Nikautazama mkono, nikauamuru, ukakataa. Ulikuwa kama mkono wa mtu mwingine aliyeusahau kwangu, na mdomo upande huo umekufa ganzi. Ikachukua kama muda wa sufuria kuchemka, halafu yote yakarudi sawa.

"Mkono una nini?" Mastura akaniuliza.

"Nimeulalia."

"Umeulalia saa ngapi, na sote tuko macho tangu alfajiri?"

"Mastura, pika mandazi."

Hapo ndipo ulipokuwa uamuzi wenyewe, mdogo kama punje ya mtama. Ningesema neno moja tu, kwamba mkono umekufa ukafufuka, wangenilaza na kumtafuta dresa. Lakini nikilala, nani atakaa mbele? Zenabu. Nikanyamaza, nikanywa chai vijiko sita ili mkono upate nguvu, nikajifunga gurbaba yangu ya manjano.

Baada ya swala ya alasiri ngoma ikaanza, nami nikatoka mbele, na wallahi nilikuwa nikicheza vizuri, mnisadiki. Shaushi amekaa kwenye benchi na wazee wenzake, tarbushi imenyooka kichwani, mkongojo katikati ya magoti. Mzunguko wa pili nikasikia mguu wa kulia umekuwa mzito. Nikauvuta, ukaja nyuma yangu kama mbuzi anayekokotwa sokoni. Nikauvuta tena. Mkono wa kulia ukaanguka ukabaki ukining'inia. Na nyuma yangu nasikia kitu gani? Nasikia shwaa, shwaa, mstari mzima unaburuta mguu wa kulia kwenye vumbi, mikono imening'inia, kwa sababu sheria ni sheria.

"Leo Hadija amekuja na jipya," nikamsikia Zenabu akisema nyuma ya sikio langu, na huyo akaburuta kunishinda mimi mwenye mguu.

Nikataka kusema "nishikeni." Kikatoka kitu kama "nshshee," na wanawake wote wakaitikia "nshshee," kwa sauti nzuri kabisa. Wanaume wakaanza kupiga makofi. Shaushi (hili alinisimulia mwenyewe baadaye, akijilaumu) alimgusa mzee wa pembeni yake akamwambia, "Yule ni mke wangu." Nikayumba kushoto, wakayumba kushoto. Mwishowe nikakaa chini puu, kwenye vumbi, na Makina na Lindi yote ikakaa chini puu pamoja nami, ikicheka kwa furaha.

Waliokuwa nyuma walikuwa wakiona mgongo wangu, na mgongo hausemi kitu. Aliyekuwa akiniona uso ni mmoja tu, mpiga ngoma. Mastura aliona mdomo wangu umekimbilia sikioni. Akaacha kupiga.

Kikongwe mmoja akasema huo ni upepo mbaya, uletwe ubani. Mastura akasema, "Upepo gani? Asubuhi ameangusha kikombe akanidanganya. Leteni kitanda."

Kitanda kilichokuwa karibu ni cha bibi harusi, kipya, cha kamba, kimefungwa vitambaa vyekundu kila mguu. Nikawekwa juu yake, wanaume wanne wakabeba, wanawake wakafuata na gurbaba zao wakilia, na hivyo ndivyo tulivyotoka hadi barabara ya Ngong, mchana kweupe, watu wamesimama wanatazama. Pale barabarani tukamsimamisha mzee mmoja Mkikuyu wa Kawangware, amepanda mkokoteni wa punda umejaa kabichi.

"Atiriri," akasema, "huyu bibi harusi mbona amekomaa hivi?"

"Ni mke wangu, tumeoana miaka ishirini," Shaushi akamjibu.

"Sasa afande, unamwoa tena?"

Halafu akaniona uso. Akaanza kutupa kabichi chini kwa mikono miwili ili kitanda kipate nafasi, na aliyeinama kuziokota moja moja na kuzipanga kando ya barabara zisikanyagwe, machozi yanamtoka, alikuwa Zenabu.

Mkidhani aibu iliishia hapo mmekosea. Tulipofika hospitali, nimezungukwa na nusu ya harusi, akatokea nani? Yule dresa. Akaniinamia, akanitazama vizuri.

"Huyu si yule mama wa mkojo wa tofali?"

"Mkojo gani?" Shaushi akauliza.

"Nilimkuta na sukari na presha. Nikamwambia aache sukari na samli, hakukwambia?"

"Samli," akasema Shaushi, polepole, kama mtu anayesoma jina lake kwenye barua ya mtu mwingine. "Aache samli."

Watu wote wakanigeukia. Ulimi wangu ulikuwa umelala, la sivyo ningedanganya tena.

Nilichofafanuliwa na dresa kitandani nawapa kama nilivyokielewa. Damu ya mtu mwenye sukari nyingi, na presha, na mafuta mengi tumboni, inakwaruza mishipa ndani mwaka baada ya mwaka, na mishipa inaota ukoko kama bomba la maji la zamani. Mwenyewe husikii kitu, unacheza harusi. Halafu siku moja tonge dogo la damu iliyoganda linakwama kwenye mshipa wa ubongo, na kipande cha ubongo kilichokuwa kikinyweshwa na mshipa ule kinakauka kiu. Kama kipande hicho ndicho kilichokuwa kikiutuma mguu, mguu unakosa bwana. Na ile ganzi ya asubuhi, alisema, ilikuwa mshipa unabisha hodi. Nikamfungia mlango.

Nilichotaka pale kitandani ni mguu wangu tu. Na mguu haukuja. Wiki ya kwanza, ya pili, nautazama umelala. Sababu dresa aliikuta siku aliyochungulia chini ya kitanda: pakiti za sukari zimepangwa kama matofali, na halua, na birika la chai. Nyinyi mnajua desturi, mtu haendi kumjulia mgonjwa hali mikono mitupu, na mkononi anabeba nini? Sukari. Kibra nzima ilikuwa imenipenda vibaya.

"Ubongo wake una kidonda," dresa akawaambia wageni wangu, na hakupandisha sauti. "Sukari ikiwa juu, kidonda hicho kinapona polepole au hakiponi. Nyinyi mnakuja kumwona au kumzika?"

Toka siku hiyo Shaushi akakaa mlangoni na mkongojo wake akipekua vikapu, kama yuko zamu kambini. Nikawa nachomwa sindano ya kushusha sukari kila asubuhi, nikala mtama, maharagwe na mboga, chai bila kitu ndani (chungu kama maneno ya mawifi), na sukari ikaanza kushuka, na kidole gumba cha mguu kikanicheza. Nililia. Nikarudishwa nyumbani kutembea.

Kutembea kwenyewe hakukutaka. Nikisema "nenda," mguu unafikiri. Mastura akaleta ngoma, akakaa barazani, akapiga doluka polepole sana, dum, halafu dum, na mguu ukaitambua kabla yangu mimi. Siku ya tatu akaingia Zenabu. Hakusalimia. Akaja akasimama mbele yangu, akanipa mgongo, akasema, "Hadija, nani yuko mbele?"

"Wewe," nikasema, na neno hilo lilikuwa chungu kuliko ile chai.

"Basi fuata."

Nikafuata. Kila asubuhi, baraza hadi mlangoni, mlangoni hadi barabarani, halafu hadi soko la Toi, mimi navuta mguu na yeye mbele haburuti hata kidogo, ananyanyua goti juu ili niige. Mwili ukapungua, gurbaba ikanizunguka mara mbili. Mwisho tukatembea kwa miguu yetu mpaka Kawangware kumshukuru yule mzee wa punda, naye akanitazama juu hadi chini akamwambia Zenabu, "Bibi harusi amepona, bwana yuko wapi?" Tukacheka mpaka tukakaa kwenye nyasi zake.

Mwaka ulipozunguka kukawa na harusi nyingine hapa Lindi, na Zenabu mwenyewe akanisukuma mbele. Ngoma ikaanza. Nikatoka nimenyooka, mguu wa kulia unanyanyuka sawa na wa kushoto, moyo wangu umejaa. Nyuma yangu nikasikia shwaa, shwaa.

Nikageuka. Mstari mzima, wasichana kwa wazee, wanaburuta. Walikuwa wamefanya hivyo kila harusi muda wote nilipokuwa nikiugua, wameupenda, na katika doluka nzima ya Kibra aliyekuwa akicheza bila kuburuta mguu ni mimi peke yangu. Shaushi alicheka mpaka tarbushi ikaanguka.

Naapa sijadanganya tena habari ya mwili wangu, hata ya jino. Na jioni hiyo tuliporudi nyumbani niliwakusanya wote barazani, mume, watoto, wifi, nikawaamuru hivi, na amri hiyo iko mpaka leo: chai ya nyumba hii haiguswi na sukari, na mgeni akileta ashukuriwe aondoke nayo. Na siku yoyote mkiniona naburuta mguu, hata kama ni kwenye harusi, hata kama napendeza, msinifuate. Zimeni ngoma, mje mbele, mnitazame uso.