Mikono ya Baba Kwenye Usukani

Juzi hapa mtaani Wabera nilimwona fundi akitikisa gurudumu la mbele la gari. Mlio ule wa chuma kilicholegea ulinirudisha kwenye mchana mmoja wa utotoni, wenye harufu ya grisi na vumbi la moto.

Asubuhi ya siku hiyo baba alikuwa ametuleta mjini kutoka Garbatulla kwa pikapu yake, mimi na mama mbele, wadogo zangu nyuma pamoja na mbuzi. Njia nzima mikono yake ilizungusha usukani kushoto na kulia, hata palipokuwa pamenyooka. Niliamini huo ndio udereva hodari. Madereva waliotuliza mikono niliwaona wavivu.

Mchana baba alipeleka pikapu gereji, na fundi Guyo akagonga nyundo mara moja tu chini ya gurudumu la mbele. Kile kifundo cha chuma kinachounganisha usukani na gurudumu kikaanguka mchangani, kikavu bila grisi, kimelika vibaya.

"Walahi, mzee! Umebeba watoto na hii?"

 Baba aliketi chini palepale, na kanzu yake nyeupe. Nilidhani amechoka.

Guyo alifunga kifundo kipya, akakipiga grisi mpaka ikafurika. "Usukani ukianza kucheza tena, usizoee," akamwambia taratibu. "Niletee siku hiyohiyo."

Tulipoondoka, mikono ya baba haikuzunguka tena. Nikashtuka.

"Baba, mbona sasa huendeshi?"

 Mikono yake ilikuwa imetulia, ila vidole vilitetemeka juu ya usukani. Nilidhani ni injini.