Uji Uliozuiwa Langoni

Mnanisumbua. Kila mtu mwenye kalamu akinipitia ni, "Susu, bibi yetu, tuambie habari ya Nzilani na hospitali," kama kwamba sina mbuzi wa kufungulia. Haya. Nitaisema mara moja, na mtu asinikatize.

Nzilani alikuwa wa huku kwetu upande wa Nuu, mfupi, shingo ngumu, paji la uso limeingia ndani kwa kamba ya kubebea mizigo. Miaka ile ya sabini, sisi wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, ndio tulibeba mawe kutoka mtoni mpaka hospitali ikasimama. Wanaume walikuja siku ya hotuba. Kila mmoja wetu alijua mawe yake. La Nzilani lilikuwa jekundu, kwenye kona ya wodi ya wazazi, na lilimng'oa ukucha wa mguu.

Sasa mke wa mwanawe, Mutindi, akajifungulia wodi hiyo hiyo. Damu ilimtoka nyingi. Maziwa yakakataa, na mtoto analia mpaka sauti inakauka. Nzilani akakumbuka mafundisho ya kliniki, vile Sista Gathoni, muuguzi, alikuwa akituimbia: "Mama mzazi anywe uji, uji mzito!" Akasaga mawele, akapika, akatia kwenye kibuyu, akaenda.

Langoni akamkuta Ndululu, bawabu, kofia imemmeza masikio.

"Chakula cha nje hakiingii, mama. Kuna kipindupindu sokoni."

"Ndululu, mimi ndiye nilikukata kitovu. Wewe ndiye wa kuniambia uji wangu una kipindupindu?"

"Si mimi. Ni Sista."

"Niitie huyo Sista."

Sista Gathoni akaja. Msichana mzuri, sikatai, wa kutoka Nyeri kwenye mvua. Akasema wazazi wanapikiwa na hospitali.

"Mutindi amekula nini leo?"

Sista akageuka kutazama jiko lililofungwa.

"Nakuuliza, mwanangu. Amekula nini?"

"Chai."

"Chai na nini?"

"Kuni zimeisha, mama. Tumeagiza wilayani."

Kuagiza kuni! Huku kwetu, miti ya miiba inakukwaruza ukitoka mlangoni, watu wazima wanangojea lori la kuni, na mzazi analala na chai tupu! Nzilani akakibeba kibuyu chake. Akaenda kwa jirani na jirani, na sisi tukamfuata na majembe, tukampita Ndululu, hadi kwenye ile kona ya jiwe jekundu. Akaanza kuchokoa simiti.

"Mama, unafanya nini?" Sista akapiga kelele.

"Nachukua jiwe langu. Nyumba ya kunyima mzazi uji haitakaa juu ya ukucha wangu."

"Langu liko chini ya dirisha," Mbula, mmoja wetu, akasema. "Sogezeni kitanda, mgonjwa asipate vumbi."

Hapo Sista akalia. "Uji wa kibuyu siwezi, mama zangu. Juzi mtoto amenifia mikononi kwa hicho kipindupindu."

Nzilani akamtazama sana. Kisha akaumwaga uji wake mchangani, wote, mawele ya mwaka wa njaa.

"Sawa. Nitapika ndani, sufuria yako, maji yako yachemke ukiyaona. Lakini ufungue jiko."

Jiko likafunguliwa. Tukaleta kuni kwa migongo yetu. Mutindi akanywa, na wenzake wa chai tupu wakanywa. Kesho yake leso ya Mutindi ilikuwa imelowa maziwa kifuani, na mtoto amenyamaza kwa kushiba.

Unafikiri wakubwa waliona haya? Jumapili tangazo la hospitali likasomwa kanisani: usimamizi umeanzisha mpango wa uji kwa wazazi. Usimamizi! Nzilani akasimama katikati ya ibada.

"Huyo Usimamizi ni mtoto wa nani? Na kuni alizibeba kwa mgongo gani?"

Mchungaji akatangaza wimbo haraka.

Nimemaliza. Sasa wewe uliyekaa hapo ukisoma, inuka. Nenda hospitali ya kwenu, pita mpaka jikoni, ufunue sufuria ya wazazi. Ukiikuta kavu, uniletee jina la mkubwa wao. Miguu yangu inauma, lakini kwa hilo nitakuja.