Hatua ya Mwisho ya Swali la Ng'ombe

Mwaka ule wa ukame, kabla ya Uhuru, nilifundisha hesabu darasa la nane katika shule moja ya kati, Karatu. Mwalimu mkuu alikuwa ametangaza kwamba atakayeshindwa jaribio langu la aljebra hatasajiliwa kwa mtihani wa mwisho.

Aliyekuwa hodari kuliko wote ni kijana wa Kimasai kutoka Ngorongoro. Nikidhani namfurahisha, nikatunga jaribio la swali moja tu, la ng'ombe. Mzee ana mazizi matatu, kila zizi lina ng'ombe x. Kila zizi likaongezwa watano. Kisha sita wakafa, wakabaki arobaini na watano kwa jumla. Tafuta x.

Aliandika 3(x + 5) − 6 = 45. Akaongeza sita pande zote mbili, akagawanya kwa tatu, akafika x + 5 = 17. Hapo akaacha. Mwalimu mkuu, aliyezikagua karatasi, akapiga alama ya kosa kwa wino mwekundu.

Nikamwita. "Kutoa tano tu kumekushinda?"

"Hakujanishinda, mwalimu. Ng'ombe wa mtu hawatajwi idadi. Ukiwataja, wanapungua."

"Hawa si wa mtu. Ni wa kwenye karatasi."

"Mbona umewaua sita?"

Kwetu Qurus, kijiji cha wakulima, tulihesabu kila kitu, hata magunzi. Kwao, alinieleza, baba husimama mlangoni mwa zizi jioni, akajua kwa rangi nani hajarudi.

Nikamwomba mwalimu mkuu nigeuze ng'ombe wawe magunia. Akacheka.

"Na mtihani wa Serikali ukileta ng'ombe, utakwenda kumwombea huko? Amalize lile lile, ubaoni, nikiona."

Kijana alisimama ubaoni. Nyuma mtu akanong'ona, "Morani, chaki nzito kuliko mkuki?" Darasa likaangua kicheko. Yeye akanitazama mimi, si mwalimu mkuu. Akaandika x = 12, akaifuta kwa kiganja kabla hajaambiwa ni sawa.

Akasajiliwa.

Mwezi huohuo alikwenda kwao kwa ruhusa. Aliporudi alisema ng'ombe wa baba yake wameanza kufa. Walikuwa wakifa kila mahali mwaka ule, nalijua hilo. Hata hivyo sikuweza kumtazama usoni. Nusura nimuulize ni wangapi.

Nikamuuliza kama amekula.