Mshale wa Mita na Samli ya Mama

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, tena la pili lenyewe sikulimaliza, kwa sababu ng'ombe wa baba walikuwa wengi kuliko watoto wa kuwachunga. Nasema hili mapema ili mtu asije akadhani nalificha. Leo karakana yangu hapa Buseresere inajulikana mpaka Biharamulo, na vijana waliomaliza shule hasa wananiletea redio na jenereta zilizowashinda. Wananiita mzee. Wanakaa kwenye benchi wanasubiri, na mimi siwaharakishii.

Kilichonifikisha hapa ni mita ya kupimia umeme. Kwetu Kishapu hatukuwa na kitu kama hicho. Niliiona mara ya kwanza nilipokuwa mfagiaji kwenye karakana ya machimbo ya almasi, upande wa Songwa: kisanduku cheusi kizito kama tofali, kina kioo usoni, na ndani ya kioo mshale mwembamba kama unywele. Zinatoka humo waya mbili, mmoja mwekundu, mmoja mweusi, kila mmoja una ncha ya chuma. Mafundi walikuwa wakigusa vitu kwa zile ncha, wanatazama mshale, wanasema, "Hiki kimekufa, hiki kizima." Nikajiambia, huu si uganga, ni kutazama tu, na macho ninayo. Miaka sita baadaye nilikuwa fundi kwenye mgodi wa dhahabu kule Geita, nimekabidhiwa mita ya mgodi, na hakuna mtu mwingine mweusi aliyeruhusiwa kuishika.

Siri ya mita ile sitaificha, nimeshawafundisha wengi. Nyuma ya mshale kuna kioo chembamba cha kujitazamia. Unafumba jicho moja, unasogeza kichwa mpaka mshale unafunika kivuli chake wenyewe kwenye kile kioo, ndipo unasoma namba. Ukisoma ukiwa umekaa upande, mita itakudanganya, na kosa litakuwa lako. Namba nilikuwa nazijua vizuri kuliko herufi. Mchunga ng'ombe yeyote wa Kisukuma anajua namba.

Sasa, hospitali ya mgodi ilikuwa imeletewa boila mpya ya kuchemshia maji, ya kufulia mashuka na kuchemshia vyombo vya daktari. Haikula kuni. Ilikula gesi, iliyokuja kwa mitungi kutoka Mwanza, ikivushwa ziwa kwa pantoni. Chini ya boila kulikuwa na moto mdogo usiotakiwa kuzimika, tuliuita mtoto. Mtoto akiwaka, maji yakipoa, moto mkubwa unajiwasha wenyewe kwake. Pembeni ya mtoto kulikuwa na kijiti cha shaba tulichokiita kidole. Moto unakilamba kile kidole, kidole kinatoa umeme kidogo sana, umeme unakwenda kwa waya mbili mpaka kwenye kisanduku cha sumaku, na sumaku inashika mlango wa gesi usifunge. Mtoto akizimika, kidole kinapoa, sumaku inaachia, gesi inafungwa, watu hawafi. Aliyebuni kitu hicho alikuwa na akili, na mimi nilikielewa siku ya kwanza.

Mwangalizi wa boila alikuwa Mzaramo, na kwa hiyo mtani wangu. Utani wetu na wao ni wa tangu safari za mababu. Kila asubuhi nikimsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," alijibu kwa Kiswahili cha pwani kilichopigwa pasi, "Sijakuelewa, mtani, zungumza lugha ya watu." Nami namwambia kwao wanakula nazi kwa sababu ng'ombe waliwakimbia. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na mke wake alikuwa akinipa chai.

Kuanzia mwezi wa tatu wa boila ile, mtoto akaanza kuzimika. Asubuhi mtani anawasha, anabonyeza kitufe kama inavyotakiwa, moto unakaa. Saa nne, saa tano, wauguzi wanafungua bomba, maji baridi. Mkuu wa wauguzi, mama mmoja wa Kizungu mwenye sauti ya chini na macho makali, akapeleka neno kwa mhandisi wa mgodi. Mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tano mhandisi alikuja mwenyewe, akamkuta mtani amekaa kwenye ndoo, mgongo ukutani, na mtoto amezimika.

"Unalala kazini," mhandisi akamwambia.

"Nimekaa, bwana. Kukaa si kulala."

"Moto unazimika na wewe hujui. Jumamosi utakabidhi ufunguo."

Ufunguo ule ulikuwa wa nyumba. Nyumba zilikuwa za mgodi, kazi ikiisha na nyumba imeisha. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane, na kwao ni pwani, safari ya lori, meli na treni. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Mimi nikamfuata mhandisi mpaka ofisini. Kumfuata mhandisi halikuwa jambo la kila mtu, lakini mimi nilikuwa mimi. Nikamwambia, "Bwana, boila haijapimwa. Nipe asubuhi moja niipime."

"Na ukikuta vyote vizima?"

"Nitasema vizima."

Akakubali. Jioni ile, kwenye mstari wa bomba la maji, niliwaambia wote waliotaka kusikia na wasiotaka kwamba kesho kabla ya chai ugonjwa wa boila utakuwa mkononi mwangu. Mtani akasema, "Jamani, msimcheke, hajawahi kumpima mnyama asiye na mkia."

Ijumaa asubuhi nikaanza. Kwanza nikakata umeme wa pampu ya maji na wa swichi ya joto, kwa sababu ukipima ukinzani wa kitu chenye umeme ndani yake, mshale unaruka na kupinda, na mita ya mgodi ikipinda na wewe umepinda. Nikagusisha ncha mbili zenyewe kwa zenyewe, nikazungusha kirungu kidogo cha mita mpaka mshale ukakaa kwenye sifuri, ambayo kwa kipimo hicho iko mwisho kabisa kulia. Nikachomoa waya mmoja wa swichi ya joto, ile inayozima moto mkubwa maji yakizidi kuchemka. Nikagusa: mshale ukaenda mpaka mwisho. Njia ya umeme imeunganika, nzuri. Nikalitumbukiza bomba lake la kupimia joto kwenye birika la maji yanayochemka, tukasikia *tiki*, na mshale ukarudi nyuma ukalala. Nikalitoa likapoa, *tiki*, mshale ukainuka. Nzima.

Nikaenda kwenye koili, ule waya uliozungushwa unaofungua gesi ya moto mkubwa. Koili iliyoungua, mshale hautikisiki. Hii mshale ulipanda ukasimama katikati, umetulia kama askari. Nzima.

Nikaja kwenye kidole. Nikafungua skrubu mbili, bila kuangalia chini yake, nikatoa waya zake kwenye kisanduku cha sumaku, nikageuza mita kwenye kipimo kidogo kuliko vyote. Nikamwambia mtani abonyeze kitufe na asiachie, maana sumaku haikuwa na umeme wa kushika gesi. Mtoto akawaka, akalamba kidole, na baada ya muda kama wa kumsalimia mtu na watoto wake wote, mshale ukaanza kupanda. Nikafumba jicho, nikatafuta kivuli kwenye kioo. Umeme ulikuwa mwingi, zaidi ya uliotakiwa. Kidole kizima.

Mhandisi alikuwa amefika, amesimama mlangoni na mkuu wa wauguzi nyuma yake. Akauliza. Nikasema, kwa sababu nilishaahidi kusema, "Vyote vizima, bwana."

"Basi kibovu ni mtu," akasema, wakaondoka.

Mtani hakunitania. Alitazama ndoo yake. Akaniambia taratibu, "Umejitahidi, mtani. Nisaidie kupata lori la Jumapili tu, mke wangu asipande la kubebea mawe."

Hapo ndipo mtu mwingine angefunga mita yake akaenda chai. Mimi nilirudisha waya za kidole kwenye kisanduku, nikakaza skrubu, tukawasha mtoto, nikakaa chini sakafuni. Nikajiuliza: umeme unatoka kwenye kidole, nimeuona. Je, unafika? Hakuna aliyenifundisha swali hilo. Kupima kitu kikiwa peke yake ni jambo moja. Kukipima kikiwa kazini ni jambo jingine, na leo naweza kulisema hilo mbele ya mhandisi yeyote.

Tukangoja mpaka boila ikapata moto sawasawa. Nikagusa ncha kwenye waya zenyewe, upande wa kidole: mshale juu. Nikasogeza ncha kiasi cha unene wa kucha, nikavuka skrubu, nikagusa vyuma vya kisanduku: mshale ukaanguka, karibu na sifuri. Nikarudia mara tatu. Umeme ulikuwa unafika mlangoni haugongi. Wakati nimeinama bado natazama, sumaku ikaachia, *tap*, na mtoto akazimika mbele ya macho yetu wawili, mtani akiwa amesimama wima, macho yamemtoka.

"Nimelala?" akaniuliza.

Nikafungua skrubu. Chini yake, kwenye shaba, kulikuwa na utando wa kahawia, mgumu, unang'aa kama rangi ya mlango. Nikaukwaruza kwa ukucha, nikaunusa.

Sasa lazima nirudi nyuma kidogo. Kwetu, mtoto wa mfugaji anajua kwamba chuma na ngozi vinataka mafuta. Jembe likiwekwa kiangazi, linapakwa samli. Mkuki unapakwa, kamba ya ngozi inapakwa, mlango wenye bawaba unapakwa. Mama alikuwa akiniletea samli kwa kibuyu, kupitia kila mtu aliyetoka Kishapu kuja huku, na mimi nilikuwa na kikopo chake ndani ya sanduku la vifaa. Kila nati niliyofungua nilipaka kabla ya kufunga. Nati zangu hazikushika kutu, zilifunguka kwa vidole viwili, na nilijisifu kwa hilo mgodi mzima. Boila ile ilipofungwa, mimi ndiye niliyeunganisha waya zake. Na skrubu zile mbili nilizipaka, na waya nikazipaka, vizuri, kwa upendo.

Samli imeiva pale miezi mitatu kwa joto la boila mpaka imekuwa ukuta. Umeme wa pampu, ule wa nguvu, labda ungepenya. Umeme wa kidole ni mdogo kama pumzi ya mtoto mchanga, haupenyi kitu.

Mtani akaniuliza, "Umeona nini?"

Nitasema ukweli wa niliyoyafikiria. Ningeweza kufuta na kitambaa nikafunga. Lakini nilishasema vyote ni vizima, na Jumamosi ilikuwa kesho. Ningeweza kusema ni uchafu. Lakini uchafu wa boila ni kazi ya mwangalizi, angefukuzwa kwa huo badala ya usingizi. Hakukuwa na neno la kumwokoa yeye ambalo halikuwa na jina langu ndani yake.

"Nimeona samli," nikasema.

"Samli ya nani?"

"Ya mama yangu."

Akakaa kwenye ndoo yake, mabega yanatikisika. Nilidhani analia.

Nikamwita mhandisi, nikaomba na mkuu wa wauguzi aje, kwa sababu yeye ndiye aliyeshtaki. Nikawaonyesha mshale upande huu wa skrubu, nikawaonyesha upande wa pili. Mhandisi akafumba jicho moja kama alivyonifundisha mwenyewe. Akauliza nani alipaka. Nikasimama wima.

"Mimi, bwana. Mtu huyu hajalala hata siku moja. Moto ulizimwa na mkono wangu."

"Umeweka siagi kwenye umeme?"

"Samli, bwana. Siagi ni kitu kingine."

Mkuu wa wauguzi akageuka akatazama ukuta. Mhandisi akanusa kitambaa changu, akaninyang'anya mita, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtu kisu. Akasema itakaa kabatini mpaka nitakapokuwa nimefungua, nimefuta na nimefunga kila kiungo cha umeme nilichowahi kukigusa katika mgodi ule. Kwa mtani akasema, "Baki na ufunguo wako," akaondoka. Samahani hakusema, lakini Jumamosi ilipita bila mtu kugonga mlango wa nyumba ile.

Nilifuta zile shaba mpaka zikawa nyekundu kama mpya. Mtoto aliwaka siku hiyo, akawaka Jumapili, akawaka mpaka nilipoondoka mgodini. Viungo vya mgodi mzima mhandisi alidhani vitanichukua mwezi. Vilinichukua siku kumi na moja, na nati zisizo za umeme niliziacha na samli yake, kwa sababu hapo nilikuwa sahihi na bado niko sahihi.

Mke wa mtani alijifungua wiki ya tatu, mtoto wa kike, katika hospitali ile ile, na akaogeshwa kwa maji ya moto ya boila ile ile. Siku nilipokwenda kumpongeza, nyumba imejaa watu, mtani alinipokea mlangoni kwa heshima kubwa, akanikalisha kwenye kiti. Akangoja mpaka kimya kimeingia.

"Mtani," akasema, "mtoto anahitaji mafuta ya kumpaka. Ile ya boila imebaki?"

Nilikuwa nimekuja na kibuyu kizima chini ya koti. Nikampa mkewe, mbele ya wote, wakicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.