Ufagio na Masaa Kumi na Tisa

Kwetu, msafiri akitoka, nyumba haifagiliwi mpaka afike. Ukifagia mapema unamfutia nyayo, naye ataikosa njia. Mama alivuka mpaka na imani hiyo alipotoka Kenya kuja kuishi nami hapa Kansanga, Kampala. Mimi, niliyesomea hesabu Chuo Kikuu cha Kyambogo na ninayeifundisha hadi leo, nilikuwa nikimcheka.

Jumamosi moja mdogo wangu wa kike aliondoka Entebbe saa kumi jioni, akienda Toronto kufanya kazi ya kutunza wazee. Hakuwa amewahi kupanda ndege. Tuliporudi kutoka uwanjani, mama akausimamisha ufagio nyuma ya mlango, akaniuliza, "Atafika baada ya masaa mangapi?"

Nilidhani ni swali jepesi. Mtandao ulisema kilomita zaidi ya elfu kumi na moja, masaa kama kumi na manne. Lakini huo ulikuwa mwendo wa kunyoosha, na ndege zake zilikuwa zikitua njiani mara mbili. Nikashika nakala ya tiketi: kuondoka saa kumi jioni, kufika Jumapili saa tano asubuhi. Nikapiga hesabu.

"Kumi na tisa," nikamwambia kwa sauti ya darasani.

Jumapili saa tano ilipofika, mama akafagia. Maganda ya karanga, vipande vya rasta alizosukwa mdogo wangu kabla ya safari, vyote vikaingia kwenye ndoo ya taka. Tukakaa tukiitazama simu. Saa sita, kimya. Saa saba, kimya. Nikahesabu upya, nikapata kumi na tisa ileile. Nikatafuta ndege yenyewe mtandaoni, nikaiona ingali juu ya bahari, na hakuna palipoandikwa kwamba imechelewa. Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Niliogopa, lakini sikumwambia mama.

Hakuhitaji kuambiwa. Aliinua ile ndoo, akazimwaga taka sebuleni, akapiga magoti na kuanza kuzitawanya kwa mkono, maganda huku, rasta kule, kama zilivyokuwa.

Jirani yetu, mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini ambaye mtaa mzima humwita afande, alituona mlango ukiwa wazi. Nikamweleza. Akaitazama tiketi, akacheka.

"Mwalimu, hii saa ya kufika ni ya kule, si ya Kampala! Mutoto yangu iko kule. Mimi napiga simu jioni, yeye bado nakunywa chai ya asubuhi. Ongeza masaa saba. Mama, tulia, mutoto iko njiani."

Ishirini na sita. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama mama.

Saa moja jioni simu ikalia, nikaiweka kwenye spika.

"Nimefika," mdogo wangu alisema. "Lakini kaka, mbona huku bado ni mchana?" Kabla sijajibu, akauliza, "Mama, mmeshafagia?"

Mama alinitazama. "Bado, mwanangu. Nyayo zako ziko hapa."

Nikasikia analia. "Sasa fagieni," akasema.

Mama akanipa ufagio. Nilisimama katikati ya yale maganda, mdogo wangu amefika salama, hesabu imekubali, na bado sikuweza kuanza.