Moyo wa Shivling

Mwanamke haingii kwenye uwanja wa mieleka pale Kolhapur, India, awe msomi wa chuo au malkia. Basi Sulabha aliweka kigoda chake nje ya kizingiti. Alikuwa akitafiti jinsi moyo wa mpiga mieleka unavyotulia baada ya pambano. Kila kijana alitoka na udongo mwekundu mwilini, akajifunga mkanda wa kifuani, Sulabha akasoma namba kwenye saa yake. Walitoka macho chini, wakarudi macho chini. Hakuna aliyemuuliza hata kaamkaje, na upweke ule ulimtafuna.

Shivling tu ndiye aliyemtania.

"Dada, moyo wangu unasemaje leo? Unataka maziwa ya lozi?"

"Unataka ulale, mlafi wewe!"

Asubuhi moja moyo wake ukagoma kutulia.

"Nina homa," akanong'ona. "Usimwambie Vastad, dada'angu. Ataniengua kwenye mapambano ya sikukuu."

Sulabha akaahidi. Punde si punde akatokea Vastad Rangrao, mwalimu wao, ambaye hajawahi kumsemesha.

"Enhe, binti, moyo wa nani mzito kutulia?"

Kusemeshwa tu kulimlevya. "Wa Shivling," akajibu upesi, kwa fahari.

Maskini! Alisahau kwamba vijana wale wanakula kiapo cha kukaa mbali na wanawake, na kwa Vastad moyo unaokimbia ovyo una sababu moja tu.

"Umevunja kiapo!" mzee akamngurumia Shivling. "Beba vyako, utoke!"

Shivling alimtazama Sulabha, kisha akainamisha kichwa. Angeitaja homa, nani angemwamini sasa? Sulabha hakuweza kuvumilia.

"Vastad, anaumwa! Mwili unachemka!"

Mzee akageuka polepole.

"Na wewe, mwanangu, joto la mwili wake umelijuaje?"

Mtu akacheka huko ndani. Sulabha alitaka kuziba ufa, akaangusha ukuta.

Shivling alipita karibu na kigoda akiwa na kifurushi chake, bila utani, bila kwaheri. Mlango ukafungwa kwa komeo.

Mkanda ulibaki mapajani mwa Sulabha, bado una jasho na udongo. Akajifunga mwenyewe juu ya blauzi, akakaa kitako. Hakuwa amekimbia hata hatua moja, lakini moyo wake ulikataa kutulia, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza unasemaje.