Siku Niliyojifanya Mgeni kwa Maalim Zuwena

Jamani, hili nalisema leo kwa sababu nimechoka kulibeba peke yangu, na pia kwa sababu najua siku moja mtalisikia tu kutoka kwa watu wa mtaa wa Kiponda, na wao wakilisimulia watalitia chumvi, ingawa kwa kweli chumvi yake linayo tele. Nilifedheheka mchana kweupe, mbele ya watu waliokuwa barazani wakinywa kahawa, na fedheha yenyewe sikupewa na mtu, niliifuata mwenyewe kwa ndege kutoka Uingereza, nikakaa kiti cha dirishani.

Mimi ni dereva wa basi, kama mnavyojua, katika mji mmoja wa huko ambao jua likitoka watu wanapigiana simu. Nimekaa miaka ishirini na sita. Kazini kwetu kila anayekaribia kustaafu ana kijinyumba chake nchi ya joto anachowapangishia watalii kwa siku, huyu Uhispania, yule Uturuki, na wakati wa chai wanatoleana picha za vitanda na madirisha, na mimi niliyezaliwa kwenye joto lenyewe nakaa kimya natafuna mkate wangu. Nikaona hapana. Nikaingia mtandaoni, nikampata dalali wa Unguja anaitwa Nassor, kijana mtanashati, maneno mepesi, na hapo ndipo nilipofanya jambo moja dogo ambalo ndilo lililozaa mengine yote: nilimwandikia kwa Kiingereza.

Sikuwa na nia mbaya (ndivyo nilivyojiambia, na mtu anayejiambia hivyo mara tatu kwa siku ajichunguze). Waunguja wenzangu waliowahi kununua walinionya kwamba mwenyeji anazungushwa, njoo kesho, mwenye muhuri katoka, na jamaa wakishasikia umekuja kununua nyumba kila mmoja anakumbuka kwamba mlicheza pamoja utotoni. Mgeni anahudumiwa mbio, tena kwa tabasamu. Basi nikajiita Harry, mzaliwa wa Uingereza, baba yangu mtu wa Jamaika. Jina langu ni Haji, kwa hiyo mnaona hata katika uongo sikwenda mbali. Nilipanga nikishasaini mkataba nimwambie Nassor ukweli, tucheke, yaishe.

Nilishuka uwanja wa ndege nimevaa kaptura ya maua na miwani ya jua, Nassor kashika kibao kimeandikwa Harry, na kuanzia pale nikawa bubu katika lugha ya mama yangu. Nililishwa urojo Forodhani nikajifanya pilipili inaniwasha, nikapepea ulimi kwa mkono, mimi ambaye nimekuzwa na urojo. Siku ya pili tukaenda Chwaka kuangalia vijumba vya ufukweni, na kinamama waliokuwa wakianika mwani wakanitazama kuanzia juu mpaka chini, mmoja akamwambia mwenzake kwamba kitambi hiki kikiingia baharini maji yatajaa kabla ya wakati wake, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi nikacheka nao, kwa upole, kama mtu anayefurahia mandhari. (Ukitaka kujua watu wanakuonaje, jifanye hujui lugha yao. Lakini sikushauri.)

Vijumba vya Chwaka sikuvipenda. Nassor akasema basi kesho atanionyesha nyumba ya Mji Mkongwe, ghorofa mbili, roshani inaona bahari, mwenyewe kafariki na warithi wako Arabuni wanataka kugawana. Akanieleza taratibu, kwamba mgeni hauziwi ardhi bali hukodishwa kwa miaka mingi, nami nikatikisa kichwa kama nasikia jambo jipya. Picha alizonitumia zilikuwa za roshani na mihimili ya dari tu. Hakunitajia kichochoro, na mimi sikuuliza.

Asubuhi ile tulikuwa tunapita madukani yeye yuko kwenye simu, hana wasiwasi na mimi, anazungumza waziwazi. "Nnakwenda nae sasa hivi," akasema. "Bibi? Bibi hana neno, mwisho wa mwezi keshatoka. Mizigo yake yenyewe kitanda na misahafu." Nikasimama nikatazama kanga dukani kwa makini sana, nikisoma yale maandishi yake ambayo eti siyajui.

Tulipokata kona ya pili miguu yangu ikajua kabla yangu. Nikakiona kizingiti kile cha jiwe, kimelika katikati kama sahani kwa kukanyagwa na watoto, na hapo pembeni ndipo tulipokuwa tukipanga viatu vyetu, kwa sababu nyumba ile ilikuwa chuo chetu. Chumba cha chini ndicho nilichosomea Kurani, kila siku baada ya skuli, tangu nina miaka mitano mpaka kumi na mbili, kwa Maalim Zuwena, aliyepewa kukaa pale na marehemu mwenye nyumba ili asomeshe watoto wa mtaa. Na si kusoma tu. Mama yangu, Mwanaasha, alipolazwa miezi mitatu, mimi nililala kwenye mkeka wa Maalim, nikala kwenye sahani yake. Alikuwa mpole kwa mengi isipokuwa moja: akikuita na ukajibu "eee" au "nini", anakurudisha nje ya mlango, anakuita upya, na huingii mpaka uitike "naam" kama mtu aliyelelewa. Mimi nilirudishwa mlangoni mara nyingi kuliko mtoto yeyote wa Kiponda.

Nilidhani keshakufa. Hiyo ndiyo kweli, na kweli nyingine ni kwamba katika miaka yote ile sikuwahi kumuuliza mtu.

Pale kizingitini ndipo nilipopaswa kuvua miwani, kumwambia Nassor samahani bwana, mimi ni mtoto wa hapa. Ingekuwa aibu ndogo, ya watu wawili. Lakini nikaona nitaonekana mjinga baada ya siku mbili nzima za kupepea ulimi, nikasema moyoni ngoja tumalize kuangalia kwanza. Tukaanza kupanda ngazi. Ngazi za nyumba ile ni za mawe, kali, zina kiza, na kipandio cha tatu kimezidi vyenzake kwa urefu, hakuna mgeni asiyejikwaa hapo. Nassor mwenyewe, aliyeshawahi kuja, akajikwaa akamtaja Mungu. Mimi nikanyanyua mguu nikapita bila kuangalia.

Juu, karibu na kichwa cha ngazi, bibi mmoja mdogo sana alikuwa amekaa juu ya mkeka, macho yameingia ukungu. Nilimwacha mwanamke mrefu, au labda mimi ndiye nilikuwa mfupi. Akainamisha kichwa upande mmoja.

"Nassor, huyo mgeni wako keshawahi kufika hapa?"

"Hajawahi, Bi Zuwena. Ndio kwanza anaiona Unguja."

"Mbona hakujikwaa?"

Nassor akacheka, akasema wageni wana viatu vizuri. Maalim hakucheka. Akapangusa mkeka kwa kiganja, akasema kwa sauti ileile iliyonifundisha alifu: "Haya, mwambie. Nyumba ya wenyewe, mimi sikatai. Lakini mwambie sina pa kwenda. Aniachie chumba cha chini tu, kile cha chuo, nami ntamfagilia na ukumbi."

Nassor akanigeukia, akanipa tabasamu lake, akaniambia kwa Kiingereza kwamba bibi ananikaribisha sana, amefurahi nyumba imepata mtu, na yeye mwenyewe anahamia shamba kwa jamaa zake akapumzike.

Na mimi nikasema asante. Nilisema kwa Kiingereza, nikamtolea na tabasamu, bibi asiyeona. Najua mnataka kuniuliza nilikuwa nafikiri nini. Nilijiahidi kwamba nikishasaini nitamwachia kile chumba, sitamwambia mtu, itakuwa sadaka ya siri. Lakini wakati huohuo (na hili sijamwambia hata mke wangu) nilikuwa nimeshakipima chumba kile kwa macho tulipokipita, nimeshaona vitanda viwili vinaingia na bafu linapata nafasi pale ilipokuwa rafu ya misahafu.

Tukashuka, tukatoka. Nassor akanisimamisha katikati ya kichochoro nipige picha za roshani. Barazani upande wa pili walikuwepo wanaume watano na muuza kahawa wao, na mmoja, mzee mnene mwenye kofia ya kiua, alikuwa ameshawaambia wenzake kwamba kaptura yangu ikifumuliwa inatoka pazia zima na foronya zake. Mimi nimeinua simu juu, nimefumba jicho moja, natafuta pembe nzuri ya picha ya kuwaonyesha wenzangu wa chai.

Dirisha la juu likafunguka.

"Haji," akaita. Si kwa ukali. "Haji wa Mwanaasha."

"Naam, Maalim."

Wallahi sikuwahi kuamua kuitika. Lilitoka lenyewe, kwa sauti, tena simu imeshashuka na mikono imeshajifunga mbele kama ya mtoto wa miaka saba aliye nje ya mlango. Vikombe vya kahawa vikasimama hewani. Nassor akanitazama, na usoni mwake nikaona anazipitia siku tatu moja baada ya nyingine, kila simu aliyopiga mbele yangu.

"Wewe unajua Kiswahili?" akaniuliza.

Na mimi, ndugu zangu, kwa akili zangu timamu, nikamjibu kwa Kiingereza kwamba najua kidogo.

"Kidogo cha kuitikia," akasema yule mzee wa kofia, na baraza nzima ikaanguka kicheko, mpaka muuza kahawa akaweka birika chini. Kicheko kile bado nakisikia nikiwa kwenye usukani, mvua inanyesha, abiria wamenyamaza.

"Panda juu," akasema Maalim.

Nikarudi ndani, nikapanda, na safari hii kwenye kipandio cha tatu nikajikwaa, nikaanguka kwa goti, miwani ikabiringika mpaka chini. Nikafika kwake kwa mikono. Dirisha lilikuwa wazi na kichochoro kilikuwa kimya, kwa hiyo yaliyosemwa mle waliyasikia wote.

"Nlikujua toka ngazini, hapandi vile ila mtoto alolala kwangu," akasema. "Nlomwambia yule, uliyasikia?"

"Nliyasikia, Maalim."

"Na alokwambia yeye kwa hiyo lugha yenu, uliyasikia?"

"Nliyasikia."

Akanyoosha upindo wa mtandio wake. "Basi yeye namsamehe," akasema. "Yeye hajapata kula kwangu."

Nikambusu mkono, hakuninyima na wala hakuushika wangu, nikashuka, nikapita mbele ya baraza nimeinamisha kichwa. Hakuna aliyecheka tena, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko.

Jioni nikamwambia Nassor kwamba nyumba naichukua, bibi abaki chumba chake maisha yake yote, tuandikishiane. Akawapigia warithi. Akarudi na jibu kwamba hawataki kufanya biashara na mtu aliyeanza kwa uongo. Nassor ndiye aliyeniambia hayo, Nassor yuleyule, na aliyasema kwa Kiswahili fasaha bila kupepesa jicho. Nilipandwa na hasira nikataka kumtajia tafsiri yake ya juu ya ngazi, halafu nikakumbuka ni nani mwingine aliyekuwepo akaijua na akasema asante. Nikafunga begi. Na kama nisemavyo kweli leo, hasira ilipotulia chini yake nilikuta nafuu, kwamba sitalazimika kuishi karibu na jicho lile lisiloona.

Nyumba ikachukuliwa mwezi uliofuata na mke na mume wageni wa kweli, watu wazuri tu nadhani, wasiojua hata neno moja, wakaambiwa na Nassor kwamba bibi amefurahi sana, wakaamini. Wao hawana kosa. Maalim alipelekwa Chwaka kwa mpwa wake Mwanaidi, na kitanda chake, na misahafu. Nimeiona nyumba mtandaoni. Chumba cha chuo kina vitanda viwili, na mataulo yamekunjwa mfano wa bata. Kipandio cha tatu wamekisawazisha kwa saruji.

Nimeapa, na nyinyi ni mashahidi wangu, kwamba sitonunua nyumba ya kupangisha mahali popote duniani, na kwamba nikiitwa jina langu, na yeyote, nitaitika mara ya kwanza. Wakati wa chai kazini wenzangu wakitoa picha zao mimi naenda kukagua matairi.

Kila Ijumaa nampigia simu Mwanaidi, namwomba ampe Maalim simu nimsalimie, nimtake radhi kama inavyopasa. Mwanaidi anakwenda, nasikia hatua zake, nasikia kuku wa uwani, nasikia anamwambia kuna mtu wa Uingereza anamtaka.

Na Ijumaa zote, kwa sauti ileile iliyonifundisha alifu, namsikia anajibu: "Mwambie mimi Kiingereza sikijui."